Namna ya kupima ustadi wa sura za makaisari kwenye sarafu za Kirumi

Hali ya sarafu na ustadi wa sura iliyo juu yake ni mambo mawili, na anayeanza kukusanya sarafu za Kirumi huyachanganya. Dinari (sarafu ndogo ya fedha) inayong'aa, isiyo na mkwaruzo hata mmoja, inaweza kubeba sura ya ovyo iliyochongwa na fundi mwenye haraka. Sesterti (sarafu kubwa ya shaba) iliyozunguka mikononi mwa watu kwa miongo kadhaa inaweza kubeba kazi ya bingwa, na ubingwa huo bado ukaonekana. Wachongaji wa Roma hawakuandika majina yao kwenye sura walizochonga, tofauti na baadhi ya Wagiriki wa Syracuse kama Kimon na Euainetos. Hakuna sahihi ya kukuongoza, kwa hiyo itabidi uisome kazi yenyewe.

Kila sarafu ilipigwa kwa nyundo kati ya mihuri miwili. Muhuri wa chini ulikazwa kwenye fuawe, nao kwa kawaida ndio uliobeba kichwa cha kaisari. Wa juu ulishikwa kwa mkono na kubeba picha ya upande wa nyuma. Sura ilichongwa kwa mkono, kinyume, tena kwa kuzamishwa: shavu linaloinuka kwenye sarafu lilikuwa shimo kwenye muhuri. Muhuri mmoja ulichapa maelfu ya sarafu. Unachokipima basi ni kazi iliyofanywa kwenye muhuri, na sarafu uliyoshika ni nakala moja tu ya kazi hiyo, nzuri au mbaya.

Vifaa

Lenzi ya sonara inayokuza mara 10 inatosha kwa uchunguzi wa karibu, lakini tafuta na nyingine ya mara 3 au 5, kwa kuwa hiyo ndiyo utakayoitumia muda mwingi. Ongeza taa moja ya mezani inayogeuzwa shingo, mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, vernia ya kupimia upana, karatasi nyepesi inayopitisha mwanga na penseli yenye ncha kali. Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa laini. Usikandamize nta wala plastisini juu yake ili kupata nakala ya sura. Sarafu nyingi za shaba zina utandu dhaifu, yaani tabaka jembamba lililoota juu yake kwa miaka mingi, na ukibanduka haurudi.

Pima kabla ya kutazama. Dinari ya Augustus ina gramu 3.9 hivi; baada ya Nero kupunguza uzito mwaka 64 BK, ilishuka hadi gramu 3.4 hivi. Upana wake ni milimita 18 au 19. Sesterti ya karne ya kwanza, ya shaba ya manjano, ina gramu 25 au zaidi kidogo na upana wa milimita 32 hadi 36. Vipimo hivi vitakusaidia kuzishuku sarafu za bandia, na pia vinakwambia fundi alipewa nafasi kiasi gani. Kwenye dinari kichwa chote hakizidi milimita 15 hivi. Kwenye sesterti ana nafasi ya kuonyesha nyama ya shavu, mkunjo wa kope na msuli wa shingo, na ndiyo sababu watu wanaopenda sura hasa huishia kwenye shaba kubwa badala ya fedha.

Tenganisha mchongo, mpigo na uchakavu

Chukua karatasi uigawe safu tatu, na kila kasoro unayoiona uiweke kwenye safu yake kabla ya kusema lolote kuhusu uzuri.

Kanuni moja itakuokoa mara nyingi: kasoro ya muhuri huinuka, kasoro ya sarafu huzama. Muhuri ukipata ufa, sarafu hupata mstari ulionyanyuka. Muhuri ukipata kutu, sarafu hutoka na vipele. Mikwaruzo na vishimo vinavyozama ndani ni madhara yaliyoipata sarafu baadaye, ikiwa mfukoni au ardhini.

Uchakavu huanza pale palipo juu: nywele za juu ya sikio, mfupa wa shavu, nyusi, majani ya shada la kichwani. Sehemu zilizochakaa huwa laini, na hupoteza maelezo hatua kwa hatua. Mpigo dhaifu una alama nyingine. Sehemu ambayo madini hayakujaa inabaki na ngozi ya mwanzo ya kisahani cha madini, yenye ukwaru kidogo, na ukigeuza sarafu utakuta mara nyingi mahali palepale upande wa pili pana mwinuko mkubwa, kwa sababu madini hayakutosha kujaza pande zote mbili. Dinari za Julius Caesar za mwanzoni mwa 44 KK, za kwanza kuchapwa Roma zikiwa na sura ya Mrumi aliye hai, zimejaa tatizo hili: visahani vidogo, mipigo iliyokwenda upande, nusu ya uso nje ya sarafu. Ukipata ambayo shingo ndefu yenye mikunjo na kikoromeo kilichochomoza vimeingia vyote, mshukuru mpiga nyundo, maana hilo halikuwa la mchongaji.

Kuna na uchovu wa muhuri, ambao huwapotosha hata wazoefu. Muhuri uliotumika sana hutoa herufi zilizovutwa kuelekea ukingoni na sura iliyolainika, huku uwanja, yaani sehemu tupu inayoizunguka sura, ukiwa bado unang'aa. Sura ya namna hiyo haikuchongwa vibaya na sarafu haikuchakaa. Andika "muhuri umechoka" uendelee.

Kampuni ya kupima sarafu ya NGC hufuata mantiki ileile: mpigo hupewa alama kati ya 5, ngozi ya sarafu alama nyingine kati ya 5, na mtindo bora huandikwa peke yake pale unapostahili. Kwa kazi ya nyumbani, alama hazina ulazima. Maneno yanatosha, tena yanasema zaidi.

Mwanga

Weka taa moja tu, upande wa juu kushoto, mahali ambapo saa ingeonyesha 4 au 5 usiku, na uishushe hadi mwanga upite karibu sambamba na uso wa sarafu. Kisha izungushe sarafu polepole mzunguko mzima. Sura iliyochongwa vizuri inabaki kuwa uso wa mtu kila pembe: shavu linapokea kivuli taratibu, kwa mteremko. Sura mbovu hugeuka mistari. Mchongaji dhaifu huchora uso juu ya bonge tambarare, kwa hiyo mwanga ukibadilika utaona mikato tu, bila nyama chini yake.

Kwa picha za mtandaoni kuwa mwangalifu na mambo mawili. Mwanga ukitoka chini, jicho lako linaweza kuona mwinuko kama shimo. Geuza picha juu chini uhakikishe. La pili ni ukubwa. Dinari ya milimita 18 iliyojaza skrini ya simu imekuzwa mara tatu au nne, na kwenye kompyuta hata zaidi. Mchongaji hakufanya kazi kwa ajili ya ukubwa huo. Punguza picha hadi ilingane na sarafu halisi uitazame tena: kazi nzuri husomeka kwa kipimo chake, na mikato iliyoonekana ya kikatili kwenye skrini mara nyingi hutulia ikawa sahihi kabisa.

Mstari wa uso

Weka karatasi nyepesi juu ya picha na ufuate kwa penseli mstari wa paji la uso, pua, midomo na kidevu, bila kitu kingine. Ondoa picha. Je, bado ni mtu fulani, au ni mtu yeyote? Mstari wa Galba ukiwa peke yake unatosha kumtambulisha: paji lenye makunyanzi, pua iliyopinda kama mdomo wa kipanga, mdomo uliobanwa. Vespasian naye ana kidevu kilichojitokeza na paji linalopanda moja kwa moja hadi kwenye upara. Fundi hafifu huweka alama hizi kama vitambulisho vilivyobandikwa. Bingwa huziunganisha, mpaka pua na mdomo vionekane vimezeeka pamoja.

Jicho

Hapa ndipo pa kukaa zaidi. Jicho limejificha kwenye bonde kati ya nyusi na pua, hivyo hubaki hata pale nywele na shavu vimesagika. Kwenye sarafu iliyochakaa sana linaweza kuwa ndilo ushahidi pekee ulionao.

Uso unaotazama upande una jicho lenye umbo la pembetatu, uwazi wake ukielekea puani. Mchongaji asiyejua huchonga jicho zima kama linavyoonekana kwa mbele, lenye ncha mbili, akalibandika kwenye uso wa upande. Angalia kama kope la juu linapita juu ya lile la chini kwenye kona ya nje, na kama mboni imeviringika au ni kitone kilichotobolewa. Angalia pia umbali wa kona ya ndani kutoka kwenye mgongo wa pua: jicho likisogea mno mbele, fuvu lote linaharibika, hata kama nywele zimechongwa kwa ustadi wa ajabu.

Kisha uliza jicho linatazama wapi. Kwenye sarafu za Caracalla mtu mzima, nyusi zimekunjwa na mtazamo ni mkali. Constantine, kuanzia miaka ya 320, ana toleo ambalo kichwa kimeinuliwa na jicho linatazama mbinguni. Fundi mzuri alifanikisha hilo kwa shingo, kope na mboni vyote pamoja, ilhali fundi mbaya alisogeza mboni juu akaona kazi imekwisha.

Sikio

Sikio ndilo mtihani wa uvumilivu. Ni dogo, halimtambulishi kaisari, na anayelipua kazi hulipua hapo. Chora mistari miwili ya mlalo, mmoja kutoka kwenye nyusi na mwingine kutoka chini ya pua. Sikio linapaswa kukaa kati ya mistari hiyo, nyuma ya mwanzo wa taya, likiwa limelala nyuma kidogo. Likipanda hadi kwenye panja au likisogea katikati ya shavu, mchongaji hakuwa na fuvu akilini. Kwenye sesterti tafuta ukingo wa nje uliokunjwa, kibonde cha ndani na ndewe iliyojitenga na shavu. Kwenye dinari, kunjo moja safi na ndewe vinatosha. Mkato wa nusu duara wenye kitone katikati ni dalili ya kazi ya haraka, isipokuwa kwenye enzi ambazo mtindo wenyewe ulikuwa huo.

Usisahau kwamba sikio liko katikati ya kichwa, mahali panapopokea mpigo dhaifu mara kwa mara. Kabla ya kumlaumu fundi, geuza sarafu.

Nywele, shada na shingo

Nywele nzuri hazilingani. Upana na kina cha kila kishungi hubadilika, vyote vikianzia utosini, na shada la majani huonekana kuzikandamiza, nywele zikifutuka juu na chini yake. Ukiona mistari yenye nafasi sawasawa kuanzia kisogo hadi paji, huyo alikuwa anajaza nafasi. Nero wa miaka ya 64 hadi 68 ni darasa zuri: nywele zake zilipangwa ngazi kwa ngazi juu ya paji, na mchongaji alitakiwa kuonyesha mpango huo bila kuugeuza kuwa mkeka (wengi walishindwa). Kwa Septimius Severus tazama vishungi vya ndevu vinavyoning'inia kidevuni. Kwa Faustina Mdogo, mke wa kaisari, tazama fundo la nywele kisogoni, kama lina uzito. Maximinus na Philip wa karne ya 3 walinyoa karibu na ngozi, na nywele zao ni vikato vifupi vilivyotawanywa. Hapo uzuri uko kwenye umbo la fuvu lililo chini ya vikato.

Shingo hukatwa chini kwa mstari, na mstari huo unasema mengi. Fundi stadi huupinda kufuata kifua, akaonyesha msuli unaoshuka kutoka nyuma ya sikio. Kwenye sarafu za shaba za Nero zilizochapwa Lugdunum, yaani Lyon ya leo, utakuta kitufe kidogo cha duara kwenye ncha ya shingo. Hicho ni alama ya kiwanda, kisikuhadae ukadhani ni pambo wala kasoro.

Mwisho tazama mpangilio. Kichwa kikae kwenye duara bila kugusa herufi, na herufi ziwe na nafasi zinazolingana. Herufi za mwisho zikibanwa na kupungua ukubwa, mtu huyo hakupima kabla ya kuchonga.

Linganisha kwa haki

Sura haipimwi kwa kulinganisha enzi na enzi. Augustus alifariki mwaka 14 BK akiwa na miaka 75, na sarafu zake zilimwonyesha kijana hadi mwisho. Ukimhukumu mchongaji wake kwa kukosa makunyanzi, hujaelewa alichoagizwa. Vivyo hivyo Diocletian na watawala wenzake, ambao baada ya mageuzi ya sarafu ya mwaka 294 hivi wana vichwa vya mraba, shingo nene na ndevu za vikato, karibu kama mapacha. Walitaka kuonekana kitu kimoja. Ustadi wa enzi hiyo utafute kwenye uzito wa umbo na ukali wa mkato. Kufanana na mtu halisi hakukuwa lengo.

Mfanano nao una mtego wake. Maximinus alitawala kuanzia 235 hadi 238 bila kukanyaga Roma akiwa kaisari, na sarafu zake za mwanzo zina sura inayokaribia ya Severus Alexander aliyemtangulia. Baadaye ndipo linaporuka lile taya kubwa na kidevu kilichochongoka. Sarafu za mwanzo za Hadrian nazo zina kitu cha Trajan ndani yake. Katika hali hizo mchongaji alikosa kielelezo, na mkono wake unaweza kuwa mzuri tu.

Linganisha basi kaisari yuleyule, kiwanda kilekile, thamani ileile ya sarafu. Zoezi bora ni Galba, kwa sababu alitawala miezi 7 tu, kati ya Juni 68 na Januari 69, na sarafu zake zilichapwa Hispania, Gaul (Ufaransa ya leo) na Roma. Fungua OCRE, hifadhidata ya mtandaoni ya sarafu za makaisari ya American Numismatic Society, ambayo ni ya bure, kusanya picha 20 za dinari zake na 20 za sesterti za Roma, uzipange kutoka mbaya hadi nzuri. Baadhi ya dinari za Hispania zina vichwa ambavyo mtoto angeweza kuvichonga. Sesterti bora za Roma ni miongoni mwa sura kali kabisa zilizowahi kuwekwa kwenye sarafu. Ukimaliza, panga tena kesho yake bila kutazama mpango wa kwanza. Sarafu zilizohama sana ndizo ulizokuwa unazipima kwa uchakavu.

Zoezi la pili ni Gallienus. Antoniniano zake za mwisho (sarafu zilizopaswa kuwa za fedha), karibu 268, zilikuwa na fedha chini ya asilimia 10, zikachapwa kwa wingi na haraka, na nyingi zina sura za kulipua. Tazama kando yake dhahabu ya utawala huohuo: kuna sura zilizochongwa kwa utulivu na ustadi mkubwa. Mafundi wazuri walikuwepo, ila walipangiwa madini ya thamani.

Ustadi wa kubandikwa

Shaba kubwa zilizochakaa huchongwa upya na watu wa leo ili ziuzwe ghali. Nywele hukwanguliwa zikapata vishungi vipya, kope hukolezwa, uwanja husuguliwa ili herufi zisimame. Dalili ya kwanza ni mgongano wa uchakavu: majani ya shada yana ukali wa wembe wakati shavu limesagika. Haiwezekani, kwa sababu majani yako juu ya shavu na yangetangulia kulika. Dalili ya pili iko kwenye utandu. Chini ya lenzi ya mara 10 mkato mpya hukatiza utandu, una kingo kali na upana uleule mwanzo hadi mwisho. Ya tatu ni uwanja: inamisha sarafu chini ya mwanga wa pembeni, na ukiona vibonde vidogo kuzunguka herufi, au mikwaruzo inayokwenda upande mmoja, uwanja umeshushwa.

Sarafu bandia ya kusubu, yaani iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kupigwa, ni rahisi zaidi kuitambua. Ina vitundu vya hewa, herufi zenye mabega ya mviringo, pengine alama ya kiungo ukingoni, na mara nyingi uzito haulingani. Halafu kuna bandia za mabingwa. Giovanni da Cavino wa Padua (1500 hadi 1570) alichonga mihuri ya sesterti za Kirumi kwa ustadi mkubwa. Uso ukiwa na umaridadi kupita Roma yenyewe, herufi nyembamba zilizonyooka na kisahani kipana cha duara kamili, mfikirie yeye kwanza. Carl Wilhelm Becker wa Ujerumani (1772 hadi 1830) alichonga pia mihuri yake kwa mkono.

Mbinu ya kumaliza ubishi ni kutafuta pacha wa muhuri. Angalia ncha ya juu ya shada inaelekea herufi gani, riboni za kisogoni zinagusa herufi gani, na mstari wa shingo unaishia wapi. Sarafu mbili zikilingana katika yote matatu, zimetoka kwenye muhuri mmoja. Kishungi au mkunjo uliopo kwenye moja na ambao haupo kwenye pacha wake aliye na hali nzuri zaidi umeongezwa baadaye. Na ikiwa zote ni halali, ziweke picha zake sambamba: moja itakuwa na sikio ambalo nyingine imelipoteza, nyingine itakuwa na pua nzima, na hapo ndipo unaweza kuandika tathmini ya muhuri wenyewe.